Kichujio cha Chai

Signe ana miaka sita. Jino lake la mbele
linaning'inia kwa uzi wa nyama,
na kila tunapopiga bishi
analisukuma kwa ulimi, huku na kule,
kana kwamba naye ana tanga la kugeuza.
Elof ana miwili. Kazi aliyojipa
ni kuvua viatu na kuvitupa majini.
Tumebakiwa na vitatu, vyote vya kushoto.

Januari, jikoni Mariehamn,
theluji imefika nusu ya dirisha,
Rurik alitandaza ramani juu ya makombo:
wiki tano, visiwa visivyohesabika, sisi wanne.
Yeye aliona njia. Mimi niliona poti.
Itakaa wapi, nikamuuliza, mashua ikilala ubavu?

Sasa najua. Inakaa katikati ya magoti yangu,
mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kiunoni mwa Elof,
sote wawili tukingoja, kwa adabu,
wimbi lipite kwanza.
Najua penseli za rangi huteremkia upande wa demani,
nyekundu ikitangulia.
Najua nepi kumi na moja zikianikwa kwenye kamba za ubavuni
tunaonekana kama taifa lililosalimu amri.

Mama mkwe, Hjördis, alikuja gatini kutuaga.
Akauona mkanda kifuani, kamba ya mita moja na nusu,
akasema: Wanaofungwa ni mbuzi.
Sikumjibu, nilikuwa nakaza fundo.
Kamba ya kwanza mkunga aliikata bila kuniuliza.
Hii nimeifunga mwenyewe.

Ukungu haukupiga hodi.
Kisiwa kilikuwepo, na misonobari minne na kibanda chekundu,
halafu misonobari miwili,
halafu omo ya mashua yetu wenyewe ikawa uvumi.
Rurik akashusha tanga, akafumba macho
ili asikie vizuri.
Nikampa Signe honi ya bati:
mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, hesabu hadi mia, rudia.
Nilimpa ili asiogope. Sikumwambia
kwamba kwa saa ile
hakukuwa na kazi nyingine yenye maana melini kwetu.

Akapuliza. Mara ya tatu jino likatoka,
likagonga sitaha, tik,
likapata tundu, likashuka ngama.
Nilimwona akilitazama lile tundu. Damu kidogo mdomoni.
Akahesabu hadi mia, kwa kithembe kipya,
akapuliza.

Ikajibu.
Kutoka upande ambao sikuutarajia, nzito,
sauti iliyoingia kwa nyayo kabla ya masikio.
Ng'ombe! akasema Elof, furaha imempasua uso.
Ng'ombe nkubwa!
Feri ikapita. Tuliona taa tu, safu ya taa, juu sana,
na nyuma ya vioo pengine watu wanakunywa supu.
Kisha mkia wake wa maji ukatuinua mara tatu, ukatuacha.
Nilikuwa nimeshika kamba zote mbili.
Vidole vilikataa kufunguka. Rurik alivifungua kimoja kimoja,
kama anavyofungua vya Elof akikamata kisu.

Usiku usio na giza, nyuma ya mwamba, nanga imeshika,
tuliinua mbao tukalala kifudifudi wote wanne,
tochi na kijiko.
Tukapata skrubu. Njegere. Sarafu ya Sweden.
Kiatu kimoja cha kulia!
Jino, hapana.
Signe akasema mashua imelimeza, basi itoe yake,
akageukia ukutani, akalala na hasira,
kamba bado iko kiunoni kwa sababu hakutaka ifunguliwe.

Asubuhi naamka kwa mlio wa pampu.
Rurik yuko tezini, anapiga pole pole mno,
mkono wa pili ameukinga chini ya bomba
na kichujio cha chai.
Chai yenyewe tumekunywa na majani yake.